Miguu inauma kwenye baiskeli? Kagua hivi kabla hujakimbilia soli ya kaboni

Wadada tunaoendesha hapa Dodoma siku hizi swali letu limekuwa moja tu, nimenunua viatu vya baiskeli, miguu inauma, sasa ninunue vya kaboni? Jibu langu mara nyingi ni hapana, au bado kwanza. Kazi ya soli ya kaboni ni kutopinda, basi. Haitanui kiatu kinachobana wala hainyooshi kliti iliyofungwa upande, na kama kiatu hakikukai vizuri soli ngumu itakuonyesha hivyo kwa ukali kuliko soli laini. Kwahiyo nimepanga kwa dalili, nenda moja kwa moja kwenye kinachokusumbua, mengine utasoma siku yakikukuta.

Tuelewane maneno kwanza. Kliti ni kale kadude kanakofungwa chini ya kiatu ili kanase kwenye pedali. Zipo za bolti mbili, ndogo, za chuma, zinazama ndani ya soli ya raba kwahiyo unatembea karibu kama kawaida, hizi ndio za baiskeli za mauntein na za safari. Alafu zipo za bolti tatu, kubwa, za plastiki, zinatokeza nje, hizo za resi. Kampuni ya Look ya Ufaransa walitoa za kwao za resi mwaka 1984 na kampuni ya Shimano wakaleta za bolti mbili 1990, kwahiyo sio kitu cha juzi, ila mjini kwetu ukitaja dukani bado muuzaji anaweza kukuletea viatu vya mpira vyenye njumu na akakubembeleza uvichukue hivyohivyo.

VIDOLE VINAKUFA GANZI

Hii ndio inaongoza. Angalia inaanza muda gani. Ukitoka mjini na hujafika hata Ihumwa vidole vimeshakufa, kiatu ni chembamba au umekaza mno mkanda wa mbele. Ikianza baadae sana, jua limeshapanda na umeshazoea mwendo, basi mguu umevimba, na mguu kuvimba kwenye joto sio ugonjwa, ni kwamba kiatu hakikuachiwa nafasi. Oktoba na Novemba hapa kwetu hata kiatu kilichokuwa sawa mwezi wa saba kwenye ule upepo wa baridi kinaanza kulalamika.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Chomoa soli ya ndani, iweke sakafuni, simama juu yake kwa uzito wako wote. Nyama ya upande wa kidole gumba au ya kidole kidogo ikimwagikia nje ya ukingo, hicho kiatu ni chembamba kwako, hamna naironi wala kaboni itakayokusaidia. Ngozi halisi inalegea kidogo ukiivaa vaa, hizi za sintetiki hazilegei, muuzaji akikwambia "vitajipa" mwambie ajipe yeye.

Hapa kuna mtego wa viatu vilivyoandikwa vya wanawake. Vinachongwa kwa kuamini kwamba mwanamke na mwanaume wenye miguu ya urefu mmoja, wa mwanamke unakuwa na kisigino chembamba na hauna unene mwingi pale juu panapofungwa kamba. Kisigino sawa, wengi wetu ndivyo tulivyo. Lakini mbele? Wengi tumekua na ndala, wengine pekupeku tukicheza rede uwanja mzima, vidole vimetawanyika vyote vinapumua, unakuja kuvitia kwenye kiatu kilichochongoka mbele unategemea nini. Kwahiyo unakuta kiatu cha kike nyuma kinakaa safi kabisa na mbele kinaua. Tafuta toleo pana, Shimano wanatoa, kampuni inayoitwa Lake pia wanajulikana kwa hilo, au chukua cha kiume alafu shughulikia kisigino, nitakuja huko.

Kabla hujatoa hela yoyote fanya haya kwanza, legeza kabisa mkanda wa mbele na ubakie kukaza wa juu, vua soksi nene uvae nyembamba, alafu rudisha kliti nyuma kidogo kuelekea kisigino, milimita tatu nne hivi, kaendeshe, angalia. Wengi wanaishiaga hapo.

WAYO UNAWAKA MOTO

Sio ganzi hii, ni moto, kama umekanyaga bati la mchana, na unakuwa pale kwenye mto wa wayo nyuma ya vidole. Hapa ndio soli inahusika kweli na hapa ndio watu wanapotoshana.

Bonyeza kwa kidole ujue panapouma ni wapi hasa. Maumivu yakiwa kwenye nukta moja, na nukta hiyo iko palepale kliti ilipo, shuku soli laini. Shika kiatu ncha ya mbele kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, kipinde. Kikikunjika kama raba ya kawaida basi kila ukikanyaga pedali nguvu yote inapita kwenye kale kachuma na wewe unakahisi. Inatokea sana kwa viatu vya bei ya chini vya bolti mbili ukiweka na pedali ndogo zisizo na fremu ya pembeni. Ukibadilisha pedali ukaweka pana yenye fremu unaweza kupona bila kugusa kiatu.

Maumivu yakienea wayo mzima wa mbele, na kiatu kigumu hakipindi hata ukipanda juu yake, basi tatizo ni kinyume. Watafiti Marekani mwaka 2003 walipima mgandamizo chini ya wayo kwenye viatu vya soli ya kaboni na vya plastiki, kaboni ikaonekana mgandamizo wa juu kabisa umezidi kwa asilimia 18. Inaingia akilini, soli isiyopinda kabisa haigawani na wewe chochote, mzigo wote unaupokea kwenye vifupa vya mbele. Kwahiyo mtu mwenye moto wa wayo anayeambiwa "nunua kaboni utapona" anaweza kuwa anapelekwa kulekule anakotoka. Dawa hapo ni soli ya ndani iliyonyanyuka katikati ikashika uvungu wa mguu, maana zile zinazokuja na kiatu nyingi ni kasponji kembamba tu ka kujaza nafasi, viatu vya bei kubwa na vyenyewe sio vyote vimepona. Ukishaweka hiyo, mzigo unagawanyika wayo mzima badala ya kulundikana mbele.

SASA SOLI ZENYEWE

Naironi tupu ni nzito kiasi, inapinda kidogo, bei nafuu, inavumilia kugongwa. Naironi iliyochanganywa na nyuzi za kioo, wengine wanaita faiba, haipindi sana kama naironi tupu, na viatu vingi vya bei ya kati ndio hii. Mchanganyiko wa kaboni ni naironi iliyotiwa nyuzi za kaboni au iliyowekewa kipande cha kaboni pale kwenye kliti, na hapa fungua macho, kiatu kinaweza kuandikwa kaboni pembeni kwa maandishi makubwa kumbe ni kipande tu. Kaboni yenyewe ni nyepesi, nyembamba kiasi kwamba wayo unakaa karibu na pedali, haipindi, bei imechangamka. Na zipo raba bapa zisizo na kliti kabisa, za pedali bapa, soli yake ngumu kuliko raba za kawaida na inashika meno ya pedali.

Zile namba za ugumu wanazoandika usilinganishe kampuni na kampuni. Shimano wanahesabu mpaka 12, mwingine ana kipimo chake mwenyewe, kwahiyo 8 ya huyu na 8 ya yule sio kitu kimoja.

Na faida ya mwendo? Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Colorado walitoa majibu 2016, kwa mwendo wa kawaida usio wa kukimbizana mwili ulitumia nishati ileile kwa raba za kukimbilia kwenye pedali bapa na kwa viatu vya baiskeli vyenye kliti. Kwenye kufyatuka kwa nguvu zote ndio viatu vya kliti vinaonyesha kazi yake. Sasa jiulize wewe unaendesha nini. Kama ni Kisasa hadi mjini asubuhi kuwahi kazini, raba bapa inatosha na unashuka nayo ofisini bila kutembea kama bata. Kama ni kutoka Jumamosi kwenda Chamwino na kurudi, au kupanda vilima vya UDOM mpaka ulimi nje, naironi yenye faiba na kliti za bolti mbili ndio chaguo langu kwa hapa kwetu na sioni aibu kulisema, maana mara ngapi umepata pancha ya mbigili ukasukuma baiskeli kwenye mchanga? Kaboni ya bolti tatu kwenye mchanga ni mateso, inaingia mchanga, kliti za plastiki zinalika kwa kokoto, na ukija kuingia kituo cha mafuta kununua maji ile tailizi inakungoja. Kaboni muachie anayeshindana na aliyeshapata kiatu cha saizi yake kwanza.

KISIGINO KINACHOMOKA

Jiulize kinachomoka ukiwa unafanya nini. Kikichomoka ukitembea tu, sio tatizo, soli ngumu haikunjiki na mguu wako kwahiyo kisigino lazima kinyanyuke, wanaorudisha viatu kwa sababu hiyo wanahangaika bure. Kikichomoka ukiwa umesimama kwenye pedali unapanda mlima, hilo ndilo tatizo, na ukivua utakuta wekundu au lengelenge nyuma juu ya kisigino.

Sababu yake mara nyingi ni kiatu cha kiume kwenye kisigino cha kike, au umechukua saizi kubwa kufidia upana, yaani mbele kilibana ukapanda namba moja juu badala ya kutafuta kiatu kipana. Hiyo ya pili haina ukarabati wa kueleweka, maana kliti nayo inakuwa imesogea mbele ya pale inapotakiwa. Ya kwanza inatengenezeka, bandika vipedi vyembamba vya kisigino pande zote mbili kwa ndani, vile vya viatu vya mchuchumio vinafaa kabisa, alafu kaza mkanda wa juu karibu na kifundo kwanza kabla ya mwingine wowote. Viatu vya kidude cha kuzungusha, ile BOA, vinasaidia hapa kwa sababu unakaza kidogokidogo huku unaendesha, velkro ikishajaa vumbi la Veyula haishiki tena, kila baada ya wiki chache chokonoa zile nyuzi na mswaki wa zamani.

Kwenye kupima, pima mguu jioni sio asubuhi. Simama kwenye karatasi kisigino kimegusa ukuta, mwenzako apige alama mbele ya kidole kirefu, maana ukiinama mwenyewe mguu unabadilika. Miguu yote miwili, fuata mkubwa. Alafu agiza kwa sentimita, sio kwa namba unayovaa kwenye sendozi. Mfano Shimano namba 38 wanasema ni sentimita 23.8 na 39 ni 24.5, kampuni nyingine namba hiyohiyo inakuja na urefu mwingine, ndio maana unasikia mtu ana 38 mbili moja inabana moja inapwaya.

GOTI LINAUMA

Hili nitapita haraka kwa sababu mara nyingi sio la kiatu. Linauma mbele chini ya kile kifuniko, anza na siti, yawezekana iko chini mno. Linauma pembeni, kwa ndani au kwa nje, na limeanza tangu ufunge kliti mpya, basi kliti imeelekea upande ambao mguu wako hauelekei. Kaa juu ya meza miguu ining'inie yenyewe, angalia ncha za vidole zinaelekea wapi, fuata hivyohivyo ukifunga. Na kama unatumia za bolti tatu za Shimano angalia rangi, nyekundu hairuhusu mguu kuchezacheza kabisa, bluu nyuzi 2, njano nyuzi 6. Anayeanza achukue njano. Goti likivimba au likiuma hata ukiwa umelala nenda hospitali, wacha kuzungusha bolti.

SOLI IMEACHIA AU IMEPASUKA

Dodoma inaua gundi. Viatu vilivyosahaulika kwenye buti la gari lililoegeshwa juani, au vilivyoanikwa juu ya bati vikauke baada ya kufuliwa, gundi inalainika na ncha ya mbele inaanza kufungua mdomo. Kausha kivulini, jaza magazeti ndani, basi.

Wanunuzi wa mtumba someni hapa taratibu. Kiatu kinaweza kuwa kisafi hakijavaliwa hata mara mbili na bado kimeshakufa, kwa sababu zile soli za poliyurethani zinaoza zenyewe kwa unyevu wa hewani miaka inavyokwenda, zikikaa stoo tu. Bonyeza raba ya chini kwa ukucha wa kidole gumba. Ikirudi, sawa. Ikibaki na alama au ikamomonyoka kama kashata iliyolala, rudisha kwenye fungu hata ukipunguziwa vipi. Kunja na ncha ya mbele usikilize. Kwenye kaboni pitisha tochi ya simu upande upande chini ya soli, ufa unaonekana kama mstari mweupe mwembamba kuzunguka matundu ya bolti, na ukikipinda kinatoa mlio wa kukwaruza. Kaboni iliyopasuka haiungwi na gundi, usinunue.

Fundi viatu anaweza kusaidia raba iliyoachia kwenye soli ya naironi, apake gundi ile ya kusubiri ikauke kidogo ndio ubandike, na akandamize usiku kucha. Ila simama pale umuone, maana mazoea yao ni kupigilia msumari au kutoboa kwa sindano kubwa kuzunguka, na soli ya naironi ikitobolewa pale karibu na kliti ufa unaanzia hapohapo, kaboni ndio usithubutu.

KLITI HAITOKI, AU HAIINGII

Masika ni tope, kiangazi ni mchanga, mwaka mzima mbigili. Ikigoma kuingia geuza kiatu, mara nyingi kuna kokoto imekaa palepale. Kama kiatu ni kipya na hamna uchafu, angalia meno ya raba pembeni ya kliti, yakiwa marefu yanagusa pedali kabla kliti haijanasa, yapunguze kwa wembe kidogokidogo.

Ikigoma kutoka, hiyo ndio ya kuogopa maana unaanguka ukiwa umesimama kwenye mataa watu wote wanaangalia. Legeza springi ya pedali, ile skrubu ndogo yenye alama ya kutoa na kujumlisha, pande zote mbili sawasawa. Usipake oili ya kupikia wala grisi nyingi kwenye kliti, mchanga unanatia pale unageuka msasa. Piga mswaki mkavu, kwenye pedali weka tone moja la mafuta ya mnyororo kwenye springi, futa yanayobaki. Na kama unaanza kabisa, kwa za bolti mbili za Shimano ulizia zinazotoka kwa pande nyingi, zinaitwa SH56, zile za kawaida SH51 zinatoka kwa kuzungusha kisigino pembeni tu.

Siku ya kubadilisha kliti utakutana na bolti zilizojaa mchanga mgumu kama simenti. Usiingize alenkii hivyohivyo, itaparuza kona na bolti itakuwa duara. Chukua mwiba wa mgunga, hapa hatujakosa, au pini, chokoa mchanga wote mpaka uone chini pamekuwa na pembe sita safi, weka tone la mafuta, subiri, ingiza alenkii namba 4 uigonge kidogo izame ndio uzungushe. Ukifunga mpya paka grisi kwenye nyuzi za bolti, kaza niutoni mita 5 hadi 6, yaani nguvu ya kukaza inayosomwa kwenye spana yenye kipimo, na kama huna kipimo hicho kaza mpaka ikatae kwa nguvu ya kiganja, sio ya mwili mzima.

KIATU KINALIA

Kwi kwi kwi kila mzunguko, unakera barabara nzima ya Singida. Bolti kavu au zimelegea, fungua, safisha, grisi, kaza. Kikiendelea na ni kliti za plastiki, zimelika, angalia kama zile alama za ulikaji zimefutika. Bado kinalia? Mwombe mwenzako mwenye kliti za aina hiyohiyo apande baiskeli yako na viatu vyake, ikilia na kwake kiatu chako hakina kosa, ni beringi za pedali, peleka kwa fundi baiskeli.